Hukumu ya Wimbo wa Springi

Karakana ya Magodoro,
Mkabala na kliniki ya meno.
Jumapili mchana, mwezi wa sita.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, nzito kama godoro la watu wawili. Je, u mzima? Mgongo je? Kifua je? Unakula vizuri, au bado unapitisha siku kwa chai na mkate kama ulipokuwa hapa na lile gitaa lako la besi? Mama yako, dada yangu, hajambo. Goti la kushoto ndilo linalomsumbua kidogo, lakini nimemshonea mto wa sponji wa kuliegemeza na sasa anatembea kama mwanajeshi. Mke wangu hajambo. Mimi mwenyewe ni mzima kupita kiasi. Juzi nilishusha magodoro sita kwenye lori kwa mkupuo mmoja, mawili kichwani na mawili kila kwapa, hata watu wa kituo cha mafuta wakaacha kazi wakasimama kuhesabu. Wengine walihesabu saba, lakini mimi si mtu wa kutia chumvi.

Ningekupigia simu, ila kwenye simu huwa unanikatiza. Barua haikatizwi. Anakuletea dereva wa lori la sponji, anayekuja kiwandani huko kwenu kesho. Mpe maji ya kunywa, usimpe nafasi ya kusimulia habari zangu, maana anazipunguza.

Basi, habari ni hii: bendi yako nusura ife, na aliyeishika koo ni wewe.

Nasema yako kwa kuwa wewe ndiye uliyeianzisha, kisha ukaenda kutafuta kazi ukatuachia. Unakumbuka mji mzima mlivyofukuzwa kwa kelele, nikasema mimi peke yangu, leteni vyombo vyenu ghalani kwangu. Kuta za magodoro zinameza sauti. Hata treni ikipita humo itatoka inanong'ona. Waliobaki ni watatu, unawajua: Mhasibu kwenye gitaa, Muuguzi wa Meno kwenye kuimba, na dada yako, binti yangu, kwenye dramu.

Jumamosi ijayo kuna jioni ya muziki ukumbi wa manispaa, na bendi imechaguliwa. (Mtaani nimesema ni kwa sababu yangu, ukiulizwa usinikane.) Msimamizi wa ukumbi akataka ubao wa kutundika mlangoni, wenye jina la bendi na aina ya muziki. Mchora mabango akaja na ubao wake, akaandika PAMBA NA CHUMA kwa rangi nyekundu, kazi safi kabisa, akaacha nafasi chini. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Hapa niandike muziki gani?"

Mpwa wangu, bora angeuliza nani kati yetu ni mwizi.

Kwamba ni metali, ule muziki mzito wa gitaa na ngurumo, wote wanakubali; ila Mhasibu akasema metali progresivu, kwa sababu nyimbo ni ndefu, zina vyumba kama nyumba, na mipigo inabadilika kwa mpango, hapa saba, pale tano, kule tisa. Muuguzi akasema hapana, hii ni metali ya majaribio. "Wapi umeona mtu wa progresivu anapiga springi za godoro kwa kijiko?" Mhasibu akajibu kwamba progresivu ni muziki wa watu wanaojua wanakokwenda. "Wewe unajua," akasema Muuguzi. "Mimi nakufuata tu huku nikiunguruma." Ikaja metali ya kihesabu, ikaja metali ya polepole, ikaja nyingine inaitwa baada ya metali. Nikawauliza, baada ya metali kuna nini, kutu? Hawakucheka. Watu wa muziki huu hawacheki kirahisi, wanavaa nyeusi hata juani. Mchora mabango akapima ubao kwa macho, akasema, "Jamani, jina lote hilo likiingia, ubao utaishia ukutani kwa jirani."

Hapo ndipo dada yako akasema, tumuulize kaka. Kaka ndiye wewe. Wakakutumia ule wimbo wa springi.

Jibu lako unalijua. Nami nalijua, maana binti yangu alilifungulia kwenye spika tukiwa tunashona, kwa furaha kabisa, hata mashine tukazizima. Ukasema, "Hiyo si progresivu wala si majaribio. Hizo ni kelele tu za vitu vya dukani." Halafu ukacheka.

Hukujua, na sikulaumu sana, nakulaumu kiasi: zile springi ni zake yeye. Alizichomoa mwenyewe kwenye magodoro makuukuu yanayorudishwa, akawa anaziweka moja moja sikioni, akazifunga kwenye fremu ya kitanda kuanzia nyembamba hadi nene. Miezi hiyo yote nilidhani anatengeneza kitanda cha mtoto, nikaanza kumwangalia kila kijana aliyeingia dukani kwa jicho baya.

Maneno yako yakagawanywa vipande. Mhasibu akasema umesikia, tutoe springi ibaki progresivu. Muuguzi akasema zikitoka springi, na yeye anatoka nazo. Wakanuniana, kila mmoja akawa anapitia mlango wake, na ghala lina mlango mmoja.  Dada yako alifungua dramu zake skrubu kwa skrubu, akatia kila moja ndani ya kitambaa cha godoro, akashona midomo kwa uzi wetu wa nta, ule mshono wa mwisho ambao haufunguki ila kwa mkasi. Kisha akamwambia mwalimu wa muziki wa shule ya jirani aje azichukue, amempa.

Unajua huyu binti hajawahi kutulia vidole. Anapiga meza, anapiga sufuria, ananipiga mgongoni nikiinama kukata sponji. Sasa alikaa kwenye cherehani mikono imelala. Nimesikia kelele nyingi maishani, lakini kile kimya ndicho kilichonitisha.

Ikabidi niingilie kati. Wewe unajua kuwa mimi niliupiga muziki huu kabla haujapata jina. Ujana wangu, tulikuwa na jenereta bovu na bati moja. Siku nilipoviunganisha vitu hivyo viwili mbele ya watu, taa za mtaa mzima ziliwaka mchana, na mzee mmoja aliyekuwa kiziwi akaomba nipunguze sauti. Shule niliiacha mapema, nikiwa tayari nimemtangulia mwalimu, lakini mambo ya kupanga aina hakuna wa kunifundisha. Ndiyo kazi yangu. Godoro likija, sisomi karatasi ya kiwandani. Nalibonyeza kwa goti, nalala juu yake, nafumba macho, natamka: laini, wastani, au ngumu. Sijawahi kukosea, isipokuwa lile la hakimu, na yule alinenepa baadaye.

Nikawaita wote Ijumaa baada ya kufunga duka, na mchora mabango pia, kwa kuwa rangi yake ilikuwa inakauka na moyo wake pia. Nikawaambia, pigeni ule wimbo, nitausikiliza nikiwa nimelala, nitatoa hukumu.

"Baba, wewe unajua nini kuhusu metali?" dada yako akaniuliza.

"Nimelala juu ya springi maisha yangu yote."

"Hiyo si sababu."

"Aliye mbali ametoa hukumu kwa simu. Mimi niliye hapa nishindwe?"

 Kisha akachukua mkasi wa dukani akakata mshono. "Mara moja tu, ili ufunge mdomo. Halafu uniache."

Nikatandaza godoro jipya katikati ya ghala, nikajinyoosha, simu kifuani ikirekodi. Wimbo unaanza na springi peke yake, taratibu, kama mvua inayouliza njia. Gitaa la Mhasibu likaingia, uso wake umekunjamana kama anakagua vitabu vya mtu aliyekimbia. Kisha Muuguzi akaunguruma. Kumbuka huyu ni mtu anayeshinda kutwa kule ng'ambo ya barabara akibembeleza, "Fungua mdomo, mtoto mzuri, haiumi." Jioni anatoa sauti ambayo ingewang'oa wote meno kwa pamoja bila ganzi.

Hapo nikafumba macho, kitaalamu. Sikulala. Naomba hilo lieleweke katika ukoo mzima.

Nilipoyafumbua, palikuwa kimya, na nyuso tatu zimeniinamia kama nimegongwa na gari.

"Mzee," akasema Mhasibu, "umekoroma."

"Nilikuwa nasikiliza kwa ndani," nikamjibu. "Na hukumu ninayo. Wimbo huu ni wastani."

Lo! Laiti ungekuwepo. Mhasibu, ambaye mvua ikinyesha huomba radhi, alitupa gitaa juu ya marundo ya sponji. "Wastani? Mzee, springi zinakwenda tano, gitaa linakwenda saba, unajua zinavyotafutana mpaka zinakutana? Umewahi kusikia kitu kama kile? Ukizitoa springi, wimbo hauna uti wa mgongo!"

"Na bila zile saba za huyu," Muuguzi akadakia, akimnyooshea Mhasibu kidole, "mimi ningevuta pumzi wapi? Ningeshakufa ubeti wa pili! Wastani! Kalale nyumbani, mzee!"

"Alikuwa ameshalala," akasema Mhasibu.

"Sasa si mnakubaliana?" akauliza mchora mabango.

"Hatukubaliani!" wakajibu kwa pamoja. Lilikuwa neno lao la kwanza la pamoja tangu ugomvi uanze.

Dada yako alikuwa bado amekaa nyuma ya dramu, kijiko mkononi. Akauliza, polepole, "Kwa hiyo si kelele?"

"Nani kasema ni kelele?"

"Kaka."

Mhasibu akavua miwani akaifuta, ilhali ilikuwa safi.  Na mimi mwenyewe, mpwa wangu, nikakosa la kusema, na mke wangu alipoambiwa hakuamini, akatuma mtu kuulizia kama naumwa.

Baadaye tukasikiliza nilichorekodi. Ni kweli kuna sauti nzito inayopanda na kushuka karibu wimbo mzima. Mimi nasema ni upepo. Mhasibu akaihesabu kwa vidole, akapauka: inaingia kwenye saba bila kukosea, vizuri kuliko hata yeye. Muuguzi anataka ibaki, anasema sasa ndiyo majaribio yenyewe. Mhasibu anataka itolewe, au kama inabaki, iandikwe kwenye nota za muziki kwa utaratibu. Wamebishana kuanzia hapo mpaka walipoagana mlangoni, wamegusana mabega, mmoja anashika gitaa la mwenzake. Sijawaona na furaha hivyo. Nimewaambia vyovyote itakavyokuwa, jina langu lisikosekane.

Mchora mabango aliandika METALI, akafunga kopo lake, akasema hilo neno la mbele atakuja kuliongeza atakayebaki hai baada ya mabishano.

Ungedhani mambo yameisha. Hayajaisha. Walipoondoka, dada yako alizirudisha dramu kwenye vitambaa akaketi kushona tena. Nikamwambia si mmepatana? Akasema Jumamosi atapiga, hawezi kuwaangusha wenzake. Jumapili mwalimu anakuja na mkokoteni, na neno alilompa halirudishi. Akanambia, "Wale wananihurumia, baba. Kaka hajawahi kunihurumia, kwa hiyo yeye ndiye aliyesema kweli." 

Lakini jicho langu ni jicho la fundi. Nilitazama mshono. Si ule wa nta. Ameshikiza tu, uzi mwembamba, mishono mirefu, ile tunayoweka kwenye kitu ambacho bado hatujaamua. Ukivuta ncha moja unafunguka wote.

Kwa hiyo nakuomba. Unanijua, mimi si mtu wa kuomba, hata wateja huwa nawaamuru. Ndani ya bahasha nimeweka memori kadi yenye wimbo wote. Kaa chini uusikilize mpaka mwisho, wenye mkoromo, yaani wenye upepo. Kisha umpigie yeye, si mimi, kabla ya Jumamosi. Sikuambii umsifu, atakujua unadanganya kabla hujamaliza salamu. Ukisikia bado ni kelele, mwambie ni kelele, lakini mwambie ni kelele ya aina gani, inaanzia wapi, inaharibika wapi, na kwa nini si progresivu, na yeye akukatalie, mkatane maneno mpaka chai ipoe kama mlivyokuwa mkifanya hapa ghalani. Kubishana naye anakuweza. Kile kicheko ndicho alichoshindwa kukibeba.

Mama yako anakusalimu, na anauliza kama bado unavaa soksi. Mke wangu anakusalimu sana. Bibi yako anasema umnunulie miwani ya kusomea, ingawa hasomi. Binamu zako wadogo wanakusalimu na wameanza kupiga vifuniko vya sufuria, kwa aina ambayo bado haijaamuliwa. Mhasibu na Muuguzi wanakusalimu kila mtu kivyake.

Mungu akulinde huko, akupe kazi isiyoumiza mgongo na majirani wasioamka mapema. Dereva anapiga honi.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata unapokosea,

Mjomba wa Magodoro