Mguu Uliotangulia

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, kuanzia goti la kulia kwenda juu. Huko chini ni habari nyingine. Sukari imeula mguu. Daktari, kijana mpole ila koti lake limeshonwa ovyo mabegani, anataka kuukata kabla sumu haijapanda. Nikamuuliza, "Ukishakatwa unakwenda wapi?" Akacheka. Aliponiona sicheki, akasema unachomwa tanurini pamoja na taka za hospitali.

Basi sitii sahihi. Mguu huu ndio uliokanyaga cherehani wewe ukala, ukavaa, ukasoma. Hauchomwi pamoja na pamba chafu.

Baba yako

14 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisomea wodini, nimesimama. Huku tunapeleka viungo vya watu tanurini kila wiki, na hakuna anayelia. Ni nyama tu, Baba. Wewe si mguu wako. Wakikata utapona, ukingoja utazikwa na miguu yote miwili. Ndivyo utakavyo?

Tia sahihi, halafu uje kwangu nikuuguze. Na usiniambie tena eti ulimwahidi Mama hutamwacha peke yake pale nyuma ya nyumba. Mama alishakufa.

Binti yako

2 Mei

Marahaba, mwanangu.

Ukimya wangu usikutie shaka. Mkono nilibaki nao, nguvu ndizo zilizokosekana. Homa ilipopanda nilitia sahihi, kwa sharti kwamba changu nipewe. Daktari akakubali, mradi uzikwe, usikae uvunguni. Mjomba wako aliuleta ndani ya ndoo yenye mfuniko, ameipakata kama mtu aliyebeba mayai.

Tumeuzika ubavuni mwa mama yako. Majirani walikuja. Mmoja alinishika mkono, "Pole kwa msiba," akanitazama vizuri, akaongeza, "na hongera." Mjomba wako akauliza kama tuuombee msamaha wa dhambi. Nikasema tuombe sana. Mguu ule umenipeleka pengi ambapo mimi sikutaka.

Unasema ni nyama. Sibishani nawe, umesoma. Lakini mama yako alikuwa akiusukuma mguu huo kitandani maisha yetu yote, eti una baridi. Ataujua.

Sasa ana mtu. Njoo unichukue.

Baba yako