Kaka, Nenda Naye Zirai

Shume,
Jumatano.

Kaka yangu mpendwa Paskali,

Shikamoo kaka. Bwana Yesu asifiwe. Mimi mdogo wako ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua, maana mwaka huu ukungu hautuachi hata mchana. Wewe na wifi mnaendeleaje? Wajukuu wamepona mafua? Nasikia huko Magoma mahindi yenu yanakaribia kuvunwa. Huku kwetu bado tunapalilia.

Usishangae kuona barua wakati simu ipo. Simu yangu ni hii ya kupangusa aliyoninunulia Stephano, na kila akija anaichukua, anaangalia nani kapiga na nani nimempigia. Mwanzoni nilikuwa nawaambia akina mama wa kwaya, mnaona mtoto anavyomjali mama yake. Barua hii nimempa Anord wa fuso ya kabichi, na nimemwapisha akupe wewe mkononi.

Kaka, Stephano unamjua. Hapa Shume hakuna kijana kama yule, wala sisemi kwa sababu nimemzaa mimi. Watu wenyewe wanasema. Ana malori mawili ya mbao, pombe hata ya dengelua haonji, kanisani ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka na ile suti yake ya kijivu. Mimi mjane wa darasa la nne ninalala kwenye nyumba aliyonijengea, vigae sakafuni, bati la rangi ya damu ya mzee, na chumba cha wageni ambacho kitasa chake alikifunga kwa mkono wake. Wenzangu wakija kunisalimu wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Najua ameshakueleza kwamba mkewe Yusta ameondoka na mtoto, na kwamba Jumamosi anataka wewe mjomba wake uongoze wazee kwenda Zirai kwa wazazi wa Yusta, mkaombe radhi na kumrudisha. Bila shaka amekuambia ni maneno ya kawaida ya mume na mke, na ule mkono uliovunjika Yusta aliteleza bafuni. Na mimi aliniambia hivyo hivyo, nami nikawatangazia watu, nikaongeza kwamba vigae vipya vinateleza sana, asiyekuwa navyo hawezi kujua. Jirani yangu Imelda akanisikiliza mpaka mwisho, akasema basi vigae vyenu vina ngumi, Mama Stephano, maana mwezi wa tatu vilimpiga Yusta jicho. Nilimnunia wiki mbili.

Jumatatu Stephano alikuja kula kwangu. Nilimpikia makande anayoyapenda. Alisema amewapigia simu wakwe zake, wamemwambia binti yao hayupo, lakini anajua wanamficha. Akalia kidogo, nikamfuta machozi kama zamani. Kisha akanawa mikono, akaikausha polepole, akasema, "Mama, nikimpata, hatatoka tena." Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningemkemea, ningejua la kufanya.

Kesho yake nikajikongoja hadi ofisi ya kata kwa Esteria, binti wa ustawi wa jamii, nikamwuliza kama mtu anayeulizia shida za wengine. Akasema huku milimani hajui nyumba ya kuwapokea wanawake waliopigwa. Ipo moja ya masista huko chini, mahali pake hapatajwi, na gari lao ni moja, linazunguka kote. Kwetu litafika Jumamosi. Nikauliza kwa nini mtu asipande basi tu. Akaniuliza ni kondakta gani wa njia hii asiyemjua Stephano. Sikuwa nimemtajia jina lolote, kaka. Kwa hiyo mpaka Jumamosi, akasema, mwanamke wa namna hiyo anategemea nyumba ya mtu, na wengi wakishamlisha wanamwambia rudi kwako, mama, vumilia.

Sasa kaa chini, kaka. Yusta hayuko Zirai. Yuko kwangu, kwenye chumba cha wageni, yeye na Lucy. Alikuja Jumapili kwa njia ya msituni, Stephano akiwa kanisani na mimi nimebaki kwa ajili ya goti. Nilimwuliza, mwanangu, umekosa kote ukaja kwa mama yake? Akasema, "Mama, huku hatanitafuta."

Ile Jumatatu walikuwa nyuma ya ukuta sisi tunakula. Niliyemhofia ni mtoto. Lucy ana miaka minne, nikajua akisikia sauti ya baba yake atamkimbilia. Hakukohoa hata. Baba yake alipoondoka nikafungua mlango, nikamkuta amejiziba mdomo kwa mikono yake miwili, na mama yake hakuwa amemwambia. Hapo ndipo niliacha habari za vigae.

Kwa hiyo usikatae safari. Nenda naye Zirai, nenda na wazee, mchelewe. Wazazi wa Yusta wanajua binti yao ni mzima, ila hawajui alipo, hivyo hawatadanganya. Wewe zungumza. Kuzungumza hujawahi kushindwa. Kwenye harusi yangu pilau lilipoa ukiwa bado unawatambulisha ndugu. Safari hii sitakulaumu. Ombeni mlale huko, gari la masista lipande na kushuka yeye akiwa mbali.

Mkirudi Jumapili nitamwambia mwenyewe kwamba mimi ndiye niliyemtoa mkewe. Sitaki ayasikie kwa Imelda. Ni mwanangu, kaka, na mpaka leo nikisikia lori lake moyo unafurahi kwanza, ndipo unakumbuka. Nimemnyonyesha, atanisikia. Ndivyo ninavyojiambia nikiwa nafagia. Lakini ninakuomba, mkifika Magoma usishuke. Panda naye mpaka huku Shume, uingie naye ndani, ukae karibu na mimi, na usitoke mpaka yeye atoke.

Nisalimie wifi na wajukuu wote, na majirani wanaonikumbuka. Lucy anakusalimia, shikamoo babu. Mungu awatunze njiani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Tabitha,
Mama Stephano.