Kila Ijumaa Naenda Maabara Kumwona Marehemu Mwanangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada na unisikilize mpaka mwisho, maana nyumbani nikianza tu kusema watu wanaangalia pembeni.

Mimi ni mama wa mabinti wawili, au niseme nilikuwa, maana mkubwa, aliyekuwa mwalimu wa chekechea, alifariki kwa saratani ya utumbo, alitibiwa hospitali ya chuo kikuu, pale wanapotibu huku wanafanya utafiti, na walipompasua walichukua kipande cha uvimbe, mwenyewe alikubali, wakakiotesha kwenye visahani vya maabara ili wajaribu dawa moja moja waone ipi inamfaa yeye na si mgonjwa mwingine, na kweli waliipata, lakini walipoipata mwili ulikuwa umeshachoka, akaitumia kidogo tu akaondoka.

Baada ya mazishi nilirudi kuchukua vitu vyake, daktari mtafiti, mtu mpole sana, akanishika mkono akasema, "Pole, mama. Seli zake bado ziko hai, zitasaidia wengi." Mshauri, mimi nilisikia neno hai tu. Tangu hapo kila Ijumaa naoga, navaa vizuri, nakwenda kukaa kwenye benchi nje ya maabara, mlango una kioo kidogo, naliona kabati wanalozitunzia, na daktari akipita namuuliza, "Anaendeleaje?" naye hujibu, "Zinakua vizuri, mama," basi narudi nyumbani nimechangamka, napika, nalala usingizi.

Sasa mwezi uliopita daktari kanikalisha kitako, kasema kwenye seli zile na damu ya marehemu wameona kasoro ya kurithi, imetoka kwangu au kwa baba yao ambaye naye ameshatangulia, na mdogo mtu huenda anayo, aje apimwe, akiwa nayo watakuwa wanamchunguza utumbo mara kwa mara na kuondoa vivimbe kabla havijageuka saratani. Sijamwambia. Huyu mdogo ni fundi cherehani, ana mchumba, akicheka majirani wote wanasikia, nitaanzia wapi? Nikaona heri niwaombe wanirudishie kile kipande nikakizike alipo dada yake, yaishe, wasitutafute tena, lakini nikifika mlangoni nageuka narudi kukaa kwenye benchi, maana nikizika na hicho nabaki na nini?

Juzi binti kaniuliza huku anakata kitambaa, hata macho hakuinua, "Mama, kila Ijumaa unapendeza hivyo, unakwenda kumwona nani?" Nikamwambia nakwenda sokoni. Akasema, "Mbona unarudi mikono mitupu?" Nifanyeje?

Mama wa Wawili

Mama wa Wawili, pole, na pole tena. Barua yako niliiweka chini, nikaenda kunawa uso, ndipo nikaimalizia. Kuzika mtoto hakuzoeleki, na anayekuambia ujikaze haraka haraka mwambie anyamaze. Sasa nawe tulia, nikuseme.

Kilicho hai mle ndani si mwanao. Daktari wako kwa upole wake amelikwepa hilo, kwa hiyo nakuambia mimi: walichokiotesha ni uvimbe. Unapoambiwa zinakua vizuri, kinachokua ni ule ugonjwa uliomuua. Najua nimekuumiza. Lia kwanza, kisha uendelee kusoma.

Umeshalia? Haya. Binti yako alikubali kipande kile kichukuliwe, na ingawa hakikuwahi kumwokoa yeye, kimegundua hatari inayoweza kumkuta mdogo wake. Hiyo ndiyo zawadi yake ya mwisho kwa mdogo wake, nawe umeikalia. Tena unataka kuifukia! Unamkinga na nini, mama? Kasoro hiyo kama anayo, anayo tangu tumboni mwako. Kimya chako hakimwondolei, kinamnyima tu nafasi ambayo dada yake hakuipata. Na mtu anayeshona nguo za watu na kupanga kuolewa si mtoto wa kufichwa habari za mwili wake mwenyewe.

Habari za "imetoka kwangu au kwa baba yao" achana nazo. Hakuna mzazi anayechagua ampe mtoto nini katika damu, na marehemu binti yako asingekulaumu.

Leo hii, akizima cherehani, kaa naye umwambie yote, pamoja na ile safari ya sokoni. Atakasirika, pengine atakununia siku kadhaa, mwache anune, ana haki. Halafu nendeni pamoja. Ombeni mtaalamu wa magonjwa ya kurithi awaeleze maana ya majibu kabla ya damu kutolewa, na mchumba naye asikie binti akitaka, si kwa kulazimishwa. Kipande waachie watafiti, bado kina kazi. Ukimkumbuka mkubwa wako nenda kaburini ukalie huko, usikae kwenye korido ya watu.

Majibu yakiwa mabaya, mtalia wawili, kisha mtaanza uchunguzi mapema, jambo ambalo kwa dada yake halikuwezekana. Wewe nawe upimwe, tena uwe wa kwanza kunyoosha mkono, yeye amekaa kando yako anaangalia. Akikuuliza kama sindano inauma, usimdanganye.