Jina la Dellabrina na Nusu ya Medali

Tanuri la Matofali,
Karibu na Vercelli,
10 Februari 1952

Mpendwa binamu Quirino,

Nakusalimu wewe, mkeo Delia na wanao wawili, nikitumaini barua hii itawakuta nyote wazima. Huko kwenu Rosario, Argentina, najua sasa ni joto. Huku kwetu udongo umeganda, tunauvunja kwa sururu kabla ya kuukanda. Mimi sijambo, ila mgongo unanisumbua na vidole vimepasuka, kalamu haikai vizuri mkononi. Usiucheke mwandiko wangu. Unajua niliacha shule darasa la tatu.

Barua yako ya Mei niliipata. Uliniuliza mambo matatu kwa ajili ya mwanao Silvio, aliyeagizwa na mwalimu wake: jina letu limetoka wapi, maana yake nini, na tuko wangapi hapa Italia. Nimekawia mno kukujibu. Nisamehe, ndugu yangu. Berardo, mdogo wangu, amefariki.

Ilikuwa tarehe ishirini Julai. Zamu ya kuingia tanurini kutoa matofali ilikuwa yangu. Asubuhi hiyo sikuweza kuinama, naye akaniambia, "Kaa kivulini, babu wee. Mimi bado nina kiuno." Ukuta wa matofali ya moto ukamwangukia. Nilimtoa kwa mikono hii ninayokuandikia. Zaidi ya hapo siwezi kuandika.

Wiki moja kabla, tulipokuwa tunakula polenta, ugali wetu wa mahindi, alikuwa ameninong'oneza kwamba Ersilia, mchumba wake kule kijijini, ana mimba tangu Pasaka, tulipokwenda nyumbani wote wawili. Harusi ilikuwa iwe Septemba. Alikuwa anacheka peke yake kama mwehu. "Akiwa dume, Adelmo, nitamfundisha kulitaja jina la ukoo kabla hajajua kusema mama!"

Hujawahi kumsikia marehemu baba yangu akilisifu jina hilo. Akishinda karata alikuwa anasimama juu ya benchi: "Nyie akina Di Marco mmejaa kama kunguni! Mtu akiita Di Marco, nusu ya kijiji inageuza shingo. Akiita Dellabrina, nageuka mimi tu!" Wenzake walikuwa wakimjibu, "Shuka, jemadari, utavunjika." Walimwita jemadari kwa sababu alisema babu yetu wa kwanza alikuwa ofisa wa jeshi, aliyelinda njia ya mlimani kwenye baridi kali, na ushahidi ulikuwa ukutani juu ya kitanda chake: nusu ya medali, iliyokatwa na upanga wa adui. Mimi na Berardo tulipigana na watoto wenzetu kwa ajili ya medali ile.

Basi, tulimzika nyumbani kijijini, na siku ya pili baada ya mazishi nilikwenda ofisi ya kijiji kuchukua cheti cha kifo, nikalikumbuka swali lako, nikamuuliza karani. Ni mzee mmoja, Gaudenzio. Alipekua majalada ya zamani kwa muda mrefu, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Una hakika unataka kujua?"

"Ni kazi ya shule ya mtoto, Bwana Gaudenzio. Yuko Argentina."

"Huyo mtoto ana bahati, yuko mbali."

Akanisomea. Mwezi wa Januari, mwaka 1811, alfajiri, mtoto mchanga wa kiume aliachwa mjini kwa masista. Siku hizo walikuwa na sanduku la mbao ukutani, la kuzungushwa. Mama anamlaza mtoto upande wa barabarani, anavuta kengele, anazungusha, na sista anampokea upande wa ndani bila kumwona aliyemleta. Kila mtoto ilibidi apewe jina. Sista wa zamu alichungulia nje, akaona majani yote meupe kwa umande ulioganda, ule tunaouita brina. Akaandika Dellabrina, yaani wa umande ulioganda. Hiyo ndiyo asili na hiyo ndiyo maana. Hakuna ofisa, Quirino, wala hakuna vita.

"Na medali?" nikauliza.

"Imeandikwa hapa. Shingoni ana nusu ya medali. Akina mama wengi walifanya hivyo. Wanaikata, nusu anavaa mtoto, nusu anabaki nayo mama, ili siku akija kumdai zilinganishwe."

"Alikuja?"

Alifunua ukurasa, akaufunika. "Hakuja mtu."

Nilisimama pale na kofia mkononi. Nilimfikiria mwanamke yule akishuka barabarani na nusu yake mfukoni. Kisha nikamfikiria Ersilia. Nikauliza mtoto wa Berardo ataandikwaje.

"Kwa jina la mama. Mahali pa baba naandika N.N., baba hajulikani. Herufi hizo zitamfuata shuleni, kazini, mpaka siku ya ndoa."

"Hajulikani vipi, na kijiji kizima kinamjua?"

"Kijiji hakitii sahihi, Adelmo. Na marehemu naye hatii sahihi. Lazima mwanamume aje hapa kwa miguu yake, aseme huyu ni wangu."

"Na nikija mimi?"

Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Swali hilo sijalisikia. Mimi huandika ninachoambiwa."

Nilimkuta Ersilia kwenye birika la kufulia, peke yake, wenzake wamesogea upande wa pili. Mama yangu alikuwa amemfungia mlango akisema hana mkwe asiye na pete. Nilimweleza nilichofikiria: niandikwe mimi kuwa baba.

"Watasema nimelala na nyumba nzima," akasema.

"Watasema. Na mimi nitakuwa Vercelli, wewe ndiye utakayewasikia."

Alilikamua shuka mpaka likaacha kudondosha. "Hawa wananisema tayari. Wacha waseme na mtoto awe na jina." Kisha akasema, "Lakini usije ukanitaka niwe mkeo. Mimi mume wangu yuko makaburini."

"Sijakuomba."

Mtoto alizaliwa tarehe ishirini na nane Desemba, nikiwa nyumbani kwa Krismasi. Nilikwenda ofisini na mashahidi wawili, nikasema ni wangu. Gaudenzio aliandika bila kuinua uso. Kabla sijafika nyumbani habari zilikuwa zimeshafika. Kwa kuwa nami nilikuja Pasaka, waliamini wote. Pale kwenye karata mmoja alinipigia kelele, "Jemadari mdogo! Hukungoja hata mdogo wako apoe!" Nikapita.

Mama ndiye aliyeniuma. Kwa siku nne hakunisalimu. Siku ya tano alisema neno moja tu: "Umemzika mwanangu, halafu ukamvua nguo." Nikimwambia ukweli, atautoa kwa jirani wa kwanza anayemsengenya Berardo, na karatasi ile itachanwa. Wewe ndiye mtu wa pekee ninayekuandikia haya. Barua hii ichome.

Asubuhi ya kuondoka niliingia chumbani kwa mama kumuaga. Kitanda kilikuwa kitupu, na juu yake msumari ulikuwa mtupu. Nilidhani medali ameitupa kwa hasira. Nilikwenda kwa Ersilia kumwona mtoto kabla ya basi. Nikamkuta mama amekaa karibu na moto, mtoto yuko mapajani, na ile nusu ya medali imefungwa kwenye nguo ya mtoto kwa uzi mwekundu. Hakuinua macho. Alikuwa anapapasa sikio la mtoto kwa kidole. Lile sikio la Berardo, lililokunjika juu, unalolijua kwenye picha niliyokutumia.

"Utachelewa basi," akaniambia. "Na mgongo huo usibebe mizigo ya watu wengine." Kisha akasema, "Huu mmoja unatosha."

Ni msichana, Quirino. Tumemwita Berarda. Akiolewa, watoto wake watachukua jina la baba yao, na huku Dellabrina itakwisha. Sikwenda pale ofisini ili jina liendelee. Nilitaka safari hii aje mtu kumdai.

Basi mwambie Silvio amwandikie mwalimu wake. Jina ni la mtoto aliyeokotwa. Maana yake ni umande ulioganda. Italia yote, kwa kadiri Gaudenzio anavyojua, tuko wawili, maana mama bado ana jina la kwao: mimi na msichana wa wiki sita.

Nisalimie Delia, Silvio na mdogo wake Ruggero. Ukienda kanisani muwashie Berardo mshumaa, na ukiweza uwashe mwingine kwa ajili ya yule mwanamke wa 1811 ambaye hata jina lake hatulijui. Mungu awalinde na mlale mkiwa mmekamilika nyumbani.

Mimi ndugu yako, anayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Adelmo Dellabrina