Jagi la Mama Yako

Mwanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto. Ile chupa ya asidi nimeifungia kabatini. Glavu zilizo kwenye sinki usiziguse, zitakuunguza, nitaziosha mwenyewe.

Asubuhi uliponikuta nachora maua kwa asidi kwenye jagi la kioo, ulisema tu, "Hilo la mama," ukaenda shule bila kunywa chai. Asidi ilikuwa imeshakula kioo. Nilisugua kwa sabuni mpaka vidole vikaniuma, maua hayakutoka.

~~Sikujua kama ni la marehemu.~~

Nilijua. Baba yako aliniambia siku ya kwanza nilipoingia humu. Bilauri zangu sita nilikuwa nimeshamaliza kuzichora, nikalitazama lile jagi, roho ikaniuma. Nilitaka jikoni humu kuwe na kitu kikubwa kilichopita mikononi mwangu. Kumwonea wivu marehemu, mwanangu! Hata mimi najishangaa.

Nalipeleka kwa fundi vioo, nimuulize kama anaweza kuling'arisha. Akishindwa nitalirudisha hivyo hivyo, nikuombe radhi mbele ya baba yako, maana yeye nimeshamdanganya kwamba sikujua.

Mama mdogo