Kibao Mbele ya Mgahawa

Shemeji mpendwa,

Huku sote wazima, ila mdogo wako hasemi nami. Mvua ilifurisha mabwawa yetu ya majitaka, uchafu ukateremka hadi baharini. Nami, fundi wa mabwawa, nikasimika kibao: "Msiogelee." Nilipima maji ufuko mzima, na machafu kuliko yote yako mbele ya mgahawa wake. Wateja wametoweka.

"Ufuko wote huu, ukaona pa mkeo tu?" aliniuliza.

Nilitaka kukuomba uniombee msamaha. Lakini leo nimemsikia akimfokea mteja wake wa kwanza wiki hii, aliyekuwa anavua viatu: "Baba, kibao hukioni? Rudi hapa!"

Basi usimpigie simu kwanza.

Shemeji yako, ambaye bado analala kwenye kochi.