Karatasi Aliyopimia Baba Dawa

S.L.P. 214,
Nachingwea.
9 Agosti 2007

Mpendwa Kaka Bonifasi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako. Natumaini wewe, wifi Doreen na mtoto hamjambo, na kile kifua cha mtoto kimepona. Baridi ya Mbeya mwezi huu najua haina adabu, mfunikeni vizuri.

Hapa ingefaa niandike kwamba na sisi huku sote wazima. Siwezi. Juzi kwenye simu nilikwambia Baba ana malaria na anaendelea vizuri. Nilikudanganya, Kaka. Baba amelazwa, leo siku ya sita, kwa sumu ya dawa ya mikorosho, na aliyempimia sumu hiyo ni mimi. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Naandikia juu ya goti, usinicheke mwandiko.

Nianzie mwanzo. Ile tovuti ya chama chetu cha wakulima, uliyokuwa unanielekeza kwa simu mpaka salio linakwisha, niliimaliza mwezi wa sita. Unaukumbuka ukurasa wa dawa: kushoto majina ya dawa, kulia kipimo cha kila dawa kwa bomba moja la mgongoni. Kwenye kompyuta yangu ulikaa umenyooka, kila jina limetazamana na kipimo chake. Dawa ya maji ya kuua mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi, vifuniko viwili vya chupa. Chini yake dawa ya unga ya ugonjwa wa ubwiri, vikombe viwili. Viongozi walikuja kuangalia, wakanipigia makofi, na mimi nikavimba kichwa.

Wewe uliniambia nisiuachie kabla sijaufungua kwa vivinjari vyote, zile programu za kufungulia tovuti, maana kila kimoja kinapanga ukurasa kivyake. Mimi nilikuwa nacho kimoja tu, kile chenye picha ya mbweha ulichoniwekea mwenyewe. Ukasema niende pale kwenye kompyuta za kulipia nijaribu na kile chenye e ya bluu, ambacho watu wengi ndicho wanacho. Nikakuona unanisumbua. Moyoni nikasema, Kaka naye kwa kujifanya mwalimu hajambo. Sikwenda.

Severini, bwana shamba wa Nanganga, aliufungua ofisini Ruangwa kwa hiyo e ya bluu. Kule maandishi yalitokea makubwa kidogo. Jina refu la dawa ya juu kabisa likakosa nafasi, likakatika mistari miwili. Basi majina yote yaliyokuwa chini yake yakashuka mstari mmoja, na vipimo vikabaki palepale. Dawa ya maji ikasimama mbele ya vikombe viwili. Vikombe, Kaka, badala ya vifuniko. Severini alikuwa anawahi basi, akachapa karatasi tatu bila kuzisoma, akaenda kuzigawa.

Mbili nimezirudisha mwenyewe. Moja ilikuwa bado imekunjwa mfukoni mwa mkulima aliyepewa. Nyingine Bi Amna wa Mbwemkuru alikuwa ameibandika ukutani, anasubiri kununua dawa Jumamosi. Nilipoibandua, nilikaa chini mbele ya watoto wake.

Ya tatu alipewa Baba.

Mama anasema hata yeye Baba alisita alipoona kipimo. Miaka ishirini anapulizia mikorosho, anajua dawa ile ni kali. Mzee Mustafa jirani akamshauri asome kibandiko cha chupa, na kibandiko chenyewe ni Kiingereza kitupu. Ndipo Baba akasema karatasi hii imetoka kwa Prisca, imetoka kwenye kompyuta, haiwezi kukosea. Ingekuwa imetoka kwa mtu mwingine yeyote asingeifuata. Akamimina vikombe viwili, akabeba bomba, na hakuufikia mkorosho wa nne. Walimkuta amekaa chini, jasho linamtiririka, mate yanamtoka, anasema jua limezimika.

Daktari anasema mwili bado haujaitoa sumu yote, na hatupi uhakika mpaka wiki hii ipite. Naogopa, Kaka. Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe. Nikiwa ndani nahesabu pumzi zake, na moja ikichelewa na mimi naacha kuvuta yangu. Nikitoka nje naogopa kurudi ndani.

Ukurasa nimeuondoa, nimeupanga upya: kila dawa na kipimo chake ndani ya kisanduku kimoja, visiweze kuachana. Nimeujaribu kwa mbweha, nimeujaribu kwa e ya bluu, na kwa kingine nilichokikuta pale kwenye kompyuta za kulipia. Unakaa sawa. Lakini hata ukikaa sawa mara kumi, mimi naiogopa ya kumi na moja. Viongozi wanautaka urudi kabla ya mzunguko ujao wa kupulizia, na kidole changu kinakataa kubonyeza.

Kwa hiyo nakuomba. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Hapo chuoni kwenu mna mashine za kila aina, ufungue kwa kila kivinjari mlichonacho, vipya na vile vya zamani. Kuza maandishi, yapunguze, uchape na kwenye karatasi. Halafu uniandikie umeona nini mbele ya dawa ya maji. Usiniandikie neno sawa, siliamini tena. Niandikie maneno yenyewe kama ulivyoyakuta. Na kama kazini watakuruhusu, Kaka, njoo.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Goreti pia, ndiye anayetuletea chakula hapa. Mwenyezi Mungu awalinde wewe na nyumba yako, asiwaonjeshe haya tunayoyaonja.

Baba naye anakusalimu. Leo ameweza kukaa kwa kuegemea mito, akanituma nikuandikie hivi: usimlaumu Prisca wala karatasi yake, kazi yake ni nzuri, yeye Baba ndiye aliyesoma vibaya kwa sababu macho yamezeeka. Na mimi mwenyewe ameniomba radhi kwa kuniharibia jina kazini. Nilimnywesha uji, nikatoka nje kumalizia barua hii.

Salamu zake nimezifikisha kama alivyozitoa. Nikishaifunga bahasha hii naingia wodini kumwambia kwamba macho yake ni mazima, alisoma kilichoandikwa.

Mdogo wako anayekupenda, ingawa leo anajiogopa,

Prisca Teofili